Chupa ya chai na Kutoka 34

Jumanne, usiku

Leo alfajiri mwanangu amevunja chupa ya chai. Ile kubwa ya lita tatu, ninayokwenda nayo kijiweni kwa waendesha bodaboda. Chai ilikuwa imeshachemka, maandazi yameshapangwa kwenye ndoo, nikamwambia anishikie chupa mara moja nifunge mlango. Nikasikia mlio. Chupa ya chai ikivunjika, kwa nje unaiona nzima kabisa. Ukiinyanyua ndipo unasikia vipande vinacheza ndani, na chai inavuja chini kidogo kidogo pamoja na vijipande vyembamba vinavyometameta.

Sikumpiga. Nilimwambia, "Wewe huna unachoshika kikapona."

Ana miaka tisa. Alisimama pale mlangoni, kaptula ya shule imelowa chai mpaka kwenye goti, akaniangalia wala hakulia. Mimi nikarudi jikoni kutafuta sufuria yenye mfuniko ili biashara isilale. Sikumuuliza hata kama chai imemuunguza. Hilo lilinijia saa nne asubuhi, nikiwa namrudishia mteja chenji, na mkono ukaniishia nguvu.

Maneno yale si yangu. Ni ya mama yangu. Nilikuwa na umri kama wa mwanangu, natoka kisimani na mtungi kichwani, nikajikwaa karibu kabisa na nyumbani. Mama alisimama mlangoni akaniambia hivyo hivyo, neno kwa neno: huna unachoshika kikapona. Nimeishi nayo hadi leo. Hata nikibeba mtoto wa mtu huwa nayasikia. Na leo nimeyatoa mimi, kwa sauti yake.

Jioni, watoto walipokwisha kulala, nikafungua Biblia. Tangu Januari nasoma kwa mfululizo, na alama yangu ilikuwa kwenye Kutoka 32, habari ya Waisraeli kuabudu ndama wa dhahabu. Ukweli ni kwamba nilitaka niiruke leo. Sikuwa na nguvu ya kusoma habari za Mungu aliyekasirika. Lakini nikasoma, Musa akazitupa zile mbao za mawe zenye amri za Mungu na kuzivunja chini ya mlima, nikaendelea tu mpaka sura ya 34, ambako Mungu anamwambia, "Chonga mbao mbili za mawe mfano wa zile za kwanza." Nikasimama hapo kidogo. Zimevunjika, zichongwe nyingine.

Halafu ukaja mstari wa sita. Bwana anapita mbele ya Musa na kulitangaza jina lake mwenyewe: "BWANA, BWANA, Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli."

Nimeyasikia maneno haya tangu Shule ya Jumapili. Yamo kwenye Zaburi ya 103, Nehemia anayarudia, Yoeli anayarudia. Yona naye aliyajua vizuri kiasi cha kumkasirikia Mungu kwa ajili yake, kwa sababu yaliwaokoa watu wa Ninawi. Lakini sikuwahi kuangalia yalisemwa siku gani. Hayakusemwa siku ya kuvuka Bahari ya Shamu, watu wakiwa wanaimba. Yalisemwa ndama akiwa amesagwa juzi tu, agano limevunjwa kabla halijakauka, siku ambayo kama kuna siku Mungu angejiita Mwenye Hasira, basi ilikuwa hiyo. Na Musa alikuwa ameomba kitu kingine. Alisema, "Nakusihi unionyeshe utukufu wako." Akajibiwa, "Nitapitisha wema wangu wote mbele yako."

Aliomba utukufu, ukapita wema.

Kwenye semina moja ya akina mama, mchungaji alituambia kwamba lile neno la Kiebrania la huruma hapo limetoka kwenye shina moja na neno la tumbo la uzazi. Na kwamba "si mwepesi wa hasira" kwa Kiebrania ni "mrefu wa pua", kwa maana hasira kwao ni joto linalowaka puani, na mwenye pua ndefu humchukua muda kuwaka. Akina mama tulicheka siku ile. Leo sikucheka. Mimi pua yangu haikufika hata kufunga mlango.

Mstari wa saba ndio niliouogopa. Unasema Mungu huwapatiliza watoto uovu wa baba zao, na wana wa wana wao pia, "hata kizazi cha tatu na cha nne." Nikahesabu kwa vidole: mama, mimi, mwanangu. Watatu. Nikafunga Biblia, nikakaa nasikiliza maji yakidondoka kwenye ndoo.

Nilipoifungua tena nikaona nilichokiruka kwa hofu. Mwanzo wa mstari huo huo kuna "mwenye kuwaonea huruma watu elfu elfu, mwenye kusamehe uovu na makosa na dhambi." Nikakumbuka Kumbukumbu la Torati 7:9, kwamba rehema zake kwa wampendao ni hata vizazi elfu. Mimi ni mtu wa biashara ndogo, mizani naijua. Upande mmoja tatu au nne, upande wa pili elfu. Sijui kwa nini miaka yote hii nimekuwa nikiusoma upande mwepesi peke yake.

Wala siuondoi ule upande wa kwanza. Imeandikwa pia kwamba Mungu hamhesabii mwovu kuwa hana hatia kamwe, na leo hilo limenifariji kwa namna ambayo sikuitarajia. Maana yake nilichomwambia mwanangu pale mlangoni Mungu hakukiona kuwa kitu kidogo. Mtoto alikuwa na wa kumtetea, hata mimi mama yake nilipomwacha. Na miaka ile, pale karibu na nyumbani, palikuwa na wa kunitetea mimi. Mama yangu mwenyewe sasa ni marehemu, na neno hilo, tunavyolisema kila siku bila kulisikia, lina rehema ndani yake. Nimemshukuru Mungu kwa ajili yake. Yeye naye alisikia maneno hayo kwa mtu.

Nikaenda chumbani. Mwanangu alikuwa macho ndani ya chandarua.

"Chai ilikuunguza?"

"Kidogo."

Nikamulika kwa simu. Juu ya goti pana wekundu, kama sarafu. Nikamwambia, "Nisamehe mwanangu. Niliyokuambia asubuhi si kweli." Akanyamaza. Basi nikamsimulia habari ya mtungi, na bibi yake, na jinsi nilivyosimama njiani nimelowa mwili mzima.

Akaniuliza, "Maji yote yalimwagika?"

"Yote."

Akautoa mkono wake chini ya chandarua, akanishika kidole.

"Pole, mama."