Kiongozi na Akili Mnemba Katika Ofisi Zetu za Visiwani

Katika ofisi nyingi za Unguja na Pemba, akili mnemba imeingia kabla ya kiongozi kuitolea uamuzi. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika na kujibu maswali, ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, wapo makarani wanaoandikia barua na kufupishia ripoti kwenye simu zao, nao hunyamaza wasije wakaonekana wavivu. Kwa maoni yangu, kazi ya kwanza ya kiongozi ni kuiondoa siri hiyo, atamke mbele ya wote kwamba chombo hiki kinaruhusiwa, kwa kazi zipi, na kwamba hapana atakayeadhibiwa kwa kukitumia.

Kisha achague kazi moja, na akae mwenyewe na yule anayeifanya. Katika ushirika wetu wa akiba na mikopo hapa Chake Chake tulianza na muhtasari wa vikao vya kamati ya mikopo. Mwenyekiti wetu alikaa na karani, wakalinganisha maandishi ya programu na daftari la mkono, mstari kwa mstari. Kiswahili cha programu kilikuwa fasaha, lakini mama mmoja mkulima wa mwani, ambaye kikaoni alikuwa mdhamini, ameandikwa kuwa ndiye mkopaji. Programu hizi huunda sentensi kwa kukadiria neno linaloelekea kufuata, kwa hiyo kosa husomeka kwa ulaini uleule wa ukweli, na asiyehudhuria kikao hana njia ya kulitambua. Mwenyekiti akaamua palepale kwamba kila muhtasari usainiwe na mjumbe aliyekuwepo. Fundi wa kompyuta hawezi kutoa amri kama hiyo, kwa sababu inahusu nani atakayewajibika.

Lipo pia suala la siri za wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililokusanyiwa. Na ingawa kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano, sioni kwa nini tusiufuate msingi huo kila mahali. Sisi hatuingizi kwenye programu jina, namba ya kitambulisho wala kiasi cha deni la mtu, na ndiyo maana siku hizi karani huandika "mwanachama wa kwanza" na "mdhamini wake", kisha majina huyarejesha kwa mkono.

Ofisi nayo ilipie bando na muda wa kujifunza, ndani ya saa za kazi.