Elfu Sitini na Tatu

Jumapili, 6 Julai

Leo nimelala hadi saa mbili asubuhi. Mwili ulikuwa unadai. Msimu wetu wahasibu uliisha Jumatatu iliyopita, tarehe 30 Juni, siku ya mwisho kwa kampuni zinazofunga hesabu Desemba kuwasilisha ritani za kodi za mwaka kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kwa wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa natoka Kimara mwanangu amelala na narudi amelala. Dada wa nyumbani ndiye aliyeniambia kwamba jino lake la mbele limeng'oka.

Kuna usiku mmoja hautoki kichwani. Saa tatu, niko ofisini, mtaa wa Posta umeshatulia, nalinganisha kitabu cha fedha cha mteja na taarifa ya benki. Tofauti: shilingi 63,000. Nikapekua vocha moja moja. Nikarudia hundi, nikarudia makato ya benki. Saa sita kasoro nikafunga kompyuta nikaenda kutafuta usafiri. Asubuhi, chai haijapoa, nikaiona: malipo ya 781,000 yameandikwa 718,000. Mhasibu hufundishwa mapema kwamba tofauti ikigawanyika kwa tisa, ashuku tarakimu zilizobadilishana nafasi. 63,000 kwa tisa ni 7,000 kamili. Nalijua hilo tangu chuo. Usiku ule halikunijia kabisa, kwa uchovu tu. Na hesabu zile kuna benki itazisoma imkopeshe mtu.

Ndiyo maana siikubali tena kauli kwamba kazi yetu ndivyo ilivyo. PAYE, kodi ya mishahara, ni tarehe 7; VAT, kodi ya ongezeko la thamani, tarehe 20; makadirio ya kodi ya mwaka mwisho wa Machi; ritani Juni. Tarehe hizi hazijawahi kumvizia mtu. Kinachotumaliza ni mafaili ya wateja yanayoletwa wiki ya mwisho, risiti zimejazwa kwenye maboksi, na desturi ya kumpima mtu kwa muda anaoonekana kitini. Nimewahi kukaa hadi saa mbili usiku sina cha kufanya, kwa kuwa bosi hajatoka. Kijana wetu wa mafunzo naye akabaki, kwa kuwa mimi sijatoka. Hilo linaniuma hadi leo.

Sheria haitubani kiasi hicho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 ndani ya wiki nne. Inaruhusu hata mwajiri na mfanyakazi waandikiane makubaliano ya kuibana wiki: hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwemo, siku zisizozidi tano, mradi wasivuke 45. Ukitoa saa moja ya chakula, siku nne tayari zinakupa saa 44. Sijaona ofisi ya wahasibu iliyolijaribu hilo, nami natamani sana kuliona.

Ijumaa nikamfuata bosi. Nikamwambia, "Bosi, naomba niwe naingia saa moja asubuhi, nitoke saa kumi, na Jumatano nifanyie kazi nyumbani. Ritani tunawasilisha mtandaoni, vitabu viko kwenye mfumo. Wateja nao tuwaandikie barua Januari, tusisubiri Mei."

Akanyamaza kidogo. "Na wengine wakitaka?"

"Nao wapewe, bosi. Tupangiane zamu."

Akasema nilete kwa maandishi. Hakukubali, ila hakukataa, na mimi nilikuwa nimejiandaa kukataliwa.

Jana nimeandika kurasa mbili. Kijana wa mafunzo nimempigia kumuuliza angependa zamu ipi. Akakaa kimya, kisha akauliza, "Kwani na mimi nimo, dada?" Nimeliweka jina lake juu ya langu.

Kesho ni Sabasaba, nimeahidi kumpeleka mtoto viwanjani. Sasa hivi ameshaamka, amesimama mlangoni, anataka kunionyesha pengo.