Besaleli: katika uvuli wa Mungu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii moyo wangu umeng'ang'ania jina moja ambalo ni nadra kulisikia siku ya kubariki watoto. Akina Danieli na Samweli tunao tele, Besaleli hatuna. Hata Biblia ina wawili tu: fundi wa hema ya kukutania, na mmoja wa wana wa Pahath-moabu katika Ezra 10:30, aliyeoa mwanamke mgeni. Wayahudi wamelitunza kwa uchache huohuo. Baba yake Maharal, rabi wa Prague aliyefariki mwaka 1609, aliitwa hivyo, na shule ya sanaa iliyofunguliwa Yerusalemu mwaka 1906 ilipewa jina hilo.

Kwa Kiebrania ni vipande vitatu: be, yaani katika, tsel, yaani uvuli, na El, Mungu. Wapo wanaofundisha kwamba maana yake ni "fundi stadi". Hapana. Hiyo ni kazi yake, na jina alikuwa nalo kabla hema haijaagizwa.

Sisi tukisikia uvuli tunakimbilia Zaburi 91: tauni isitukaribie, mshale usitupate. Amina. Lakini mwenye jina lenyewe alikuwa uvulini akiwa na nyundo mkononi! Katika Kutoka 31 ndiye mtu wa kwanza kutajwa kwa jina kwamba Mungu amemjaza roho yake, na alijazwa ili achonge mbao, akate vito, afue dhahabu. Kinara cha taa kilitoka kwenye talanta moja ya dhahabu safi, kama kilo 34, kikafuliwa kiwe kitu kimoja: matawi sita, kila tawi vikombe vitatu vya mfano wa maua ya mlozi, na vinne kwenye shina. Hapakuwa na ruhusa ya kutengeneza tawi kando kisha kulibandika.

Wahenga wa Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, walilisoma jina hili vizuri. Katika Kutoka sura ya 25 na 26 sanduku linatangulia na hema linafuata. Wanasema Musa alimpa maagizo kwa mpangilio huo, naye Besaleli akauliza: mtu hujenga nyumba kwanza, ndipo aingize vyombo, hivi nitakavyovitengeneza nitaviweka wapi? Musa akamjibu kwamba labda alikuwa katika uvuli wa Mungu, ndiyo maana akajua. Na kweli, sura ya 36 inaanza na hema, ya 37 inafuata na sanduku la mti wa mshita, dhiraa mbili na nusu urefu.

Ndugu yangu fundi, dada yangu mshonaji, sikia. Ukaribu na Mungu ulimpa mtu huyu akili ya kujua kipi kitangulie. Kwa nini basi unaomba upako Jumapili, halafu Jumatatu unapunja saruji kwenye zege la mtu? Kwa nini unapokea malipo ya awali na simu hupokei tena? Huo si uvuli wa Mungu, ni giza la kujifichia. Nanyi wazee wa kanisa, mnaosema aliyejaa Roho ni mhubiri peke yake, someni tena sura ya 31 kabla hamjamdharau seremala wenu.

Tena hesabu ya fedha za hema ilisomwa. Wanaume 603,550 walitoa nusu shekeli kila mmoja, jumla talanta 100 na shekeli 1,775 za fedha. Talanta 100 zikatoa vitako 100, talanta moja kila kitako. Shekeli 1,775 zikaenda kwenye kulabu za nguzo, vichwa vyake na vitanzi. Hakuna shekeli iliyopotea njiani. Kamati za ujenzi, kaeni na Kutoka 38:24-31 mezani mnapoandika taarifa yenu, mkaandike kilichoingia na kilikokwenda.

Anayetaka kumwita mwanawe Besaleli na amwite, ila amfundishe na kazi ya mikono. Ile madhabahu ya shaba aliyoitengeneza jangwani bado ilikuwa Gibeoni siku za Sulemani, kama 2 Nyakati 1:5 inavyosema, na juu yake mfalme akatoa sadaka za kuteketezwa 1,000.