Upanga unaugombania upanga
Jana usiku nimeangalia tena filamu ya The Princess Bride ya 1987. Lile pambano la mapanga juu ya mwamba, jamani! Waigizaji Cary Elwes na Mandy Patinkin walifundishwa kupigana kwa mkono wa kulia na wa kushoto, na karibu lote wamelicheza wenyewe. Mwalimu wao mmoja, Bob Anderson, aliiwakilisha Uingereza kwenye Olimpiki ya 1952, na ndiye aliyevaa vazi la Darth Vader, yule mwovu wa filamu za Star Wars, kwenye mapigano ya The Empire Strikes Back.

Filamu nyingine zinanichosha. Tazama ncha ya upanga: inalenga upanga wa mwenzake, kifua kiko wazi kabisa! Na ule mlio wa "shwiiing" upanga ukichomolewa kwenye ala ya ngozi, chuma kinasugua nini hapo? Mdogo wangu kaniambia ninyamaze, namharibia uhondo.