Neno la shemeji kuhusu Bricklin

Sendofu ya Neema imepita salama, Baraka kamaliza mitihani, wakaguzi wameondoka ofisini. Ila neno alilolitupa shemeji kwenye kikao cha kamati bado linanichoma.

Nilikuwa najumlisha michango kwenye Excel, ile programu ya majedwali ya hesabu. Mnanijua, nikaanza kumsimulia habari za Dan Bricklin, mtu aliyebuni wazo la programu za namna hiyo. Mwaka 1978, akisoma biashara Harvard, alimwona mwalimu akipanga mahesabu ubaoni. Tarakimu moja ikikosewa, mwalimu anafuta na kuandika upya zote zinazoitegemea. Akawaza jedwali litakalojikokotoa lenyewe. Rafiki yake Bob Frankston akaiandika programu usiku, maana muda wa kompyuta kubwa ya chuo cha MIT ulikuwa nafuu saa hizo. Programu hiyo, VisiCalc, ikaingia sokoni 1979 kwa ajili ya kompyuta ya Apple II, na wapo walioinunua kompyuta ile kwa sababu yake tu.

"Basi huyo ni bilionea?" shemeji akauliza.

Nikamwambia hapana. Hawakuchukua hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige uvumbuzi wao; enzi zile programu haikuwa rahisi kupewa. Programu shindani, Lotus 1-2-3, ikaja 1983 ikawapiku, na 1985 kampuni ya Lotus wakainunua kampuni yao.

"Sasa shemeji, ana akili gani mtu huyo?"

Watu wakacheka, mwenyekiti akahamia suala la ukumbi. Usiku nikiwa kitandani namjibu shemeji kimoyomoyo. Asubuhi kwenye daladala namjibu tena, kwa ukali zaidi. Yeye alikuwa anasubiri jumla ya michango, na jumla hiyo inatoka kwenye wazo la mtu anayemwona hana akili! Kwani akili hupimwa kwa nyumba tu?

Jana shangazi kaja na daftari lake tufunge hesabu. Mpishi karudisha laki moja na nusu, nikabadilisha kisanduku kimoja, salio likageuka hapo hapo mpaka chini. Shangazi, karani wa ushirika miaka yote ile, akavua miwani.

"Rudisha ya mwanzo. Haya, weka tena."

Nikaweka tena.

"Sisi hapo tungefuta ukurasa mzima, mwanangu, karatasi inatoboka. Nani kaitengeneza hii?"

Nikamsimulia kuanzia ubaoni. Alisikiliza mpaka mwisho, chai ikapoa, akasema Mungu ambariki kijana yule. Nilifurahi mno, nikampigia dada simu saa ile ile.

Dada naye kaniambia dawa za presha za mama zinaishia Jumatatu, na duka la mtaani hawana zile za miligramu tano. Kesho itabidi nijaribu Kariakoo.