Jezi namba 31

Hapa Uyole ninafundisha mpira watoto wa chini ya miaka 15, na kikosini mwangu wamo ambao baba zao wametangulia mbele ya haki. Ndiyo maana habari za Ron Barassi mkubwa (yaani baba, maana mwanawe naye ni Ron) zimeniingia moyoni, ingawa mpira aliocheza si huu wetu.

Alizaliwa mwaka 1913 katika jimbo la Victoria, Australia. Mpira wa kule una umbo la yai, na kila timu ina wachezaji 18. Unaupiga kwa mguu, unaudaka kwa mikono, na ukikimbia nao sharti uudundishe. Ukiupiga ukapita kati ya nguzo mbili ndefu, mnapata pointi 6. Ukipita pembeni yake, pointi 1. Barassi alikuwa yule anayenyemelea chini wakati warefu wanaurukia. Ukidondoka tu, keshauokota na kuondoka nao. Mwalimu yeyote anamjua mchezaji wa namna hiyo: watazamaji hawamwimbi, lakini siku asipokuwepo timu nzima inayumba.

Aliichezea klabu ya Melbourne mechi 58, kuanzia 1936, akawemo kwenye kikosi kilichoifunga klabu ya Richmond na kutwaa ubingwa wa 1940. Vita Kuu ya Pili vilikuwa vimeshaanza. Akaingia jeshini, akapelekwa Afrika Kaskazini, na tarehe 31 Julai 1941 akauawa Tobruk, Libya, Waaustralia wakiwa wamezingirwa na majeshi ya Rommel, jenerali wa Ujerumani. Alikuwa na miaka 27. (Vita hivyohivyo viliwafikisha vijana wa Tanganyika hadi Burma, wakiwa na KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Babu yangu wa Rungwe alikuwa mmoja wao, na namshukuru Mungu alirudi.)

Barassi aliacha mjane na mtoto wa kiume wa miaka mitano, naye akiitwa Ron.

Kinachonigusa zaidi ni yaliyofuata. Norm Smith alikuwa amecheza na marehemu Melbourne. Mwaka 1952 akarudi pale kuwa kocha. Mama wa kijana alipoolewa tena na kuhamia Tasmania, Smith na mkewe wakamchukua kijana, wakampa chumba cha uani kwao. Klabu nayo ikamsajili kwa kanuni ya baba na mwana, inayomruhusu mtoto kuchezea timu ya baba yake. Akaanza mwaka 1953, na jezi aliyokuja kujulikana nayo ni namba 31, namba ya marehemu. Smith alikuwa mkali kweli kweli, na mimi naona ukali ule ulikuwa malezi. Kijana alichukua ubingwa mara sita na Melbourne, wa mwisho mwaka 1964, wakawa wote wawili kati ya majina makubwa kabisa ya mchezo ule.

Sasa nasema na wenzangu tuliocheza pamoja hapa Uyole. Beki wetu wa kushoto tulimzika mwaka jana, mtoto wake yuko darasa la tano. Tulichanga msibani, tukatawanyika. Jumapili tukikutana nitaomba tugawane: mmoja viatu, mwingine madaftari, na mimi nitampitia kila Jumamosi kumleta mazoezini. Mama yake nimeshaongea naye, amekubali. Atakayeweza kuchukua zamu wakati wa likizo aniambie mapema.