Kupima msitu na wanafunzi: kamba ya mita 10 na tepu ya fundi cherehani

Somo la misitu likianzia ubaoni huishia kwenye "misitu huleta mvua". Mimi huwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili kwenye miombo ya kijiji, hapa Morogoro, na swali moja: hekta moja ya msitu huu ina miti mingapi, na unene gani?

Kwanza ni ruhusa ya kamati ya maliasili ya kijiji, na kuomba mjumbe mmoja anayeijua miti kwa majina. Pili ni msimu. Agosti miombo mingi imepukutisha majani, kuitambua ni shida, na upupu umeshakauka unapeperuka. Machi hadi Mei ni afadhali, ila mikono mirefu ni lazima.

Kikundi ni watu sita: wawili wa kamba, mpimaji, mwandishi, mtaja majina, na mwenye chaki. Katikati ya ploti, yaani duara linalopatikana kwa kuzungusha kamba, hapachaguliwi kwa macho, maana kila kikundi hukimbilia penye mninga mnene. Wahesabu hatua 50 kutoka njiani, wachomeke kijiti hapo hapo hata kama ni kichakani. Kamba iwe ya katani. Ya nailoni huvutika, na mita 10 ikigeuka 10 na nusu eneo limeongezeka kwa asilimia kumi. Kwenye mteremko ishikwe usawa, isilale juu ya ardhi. Mti wa mpakani unaingia ikiwa kitovu cha shina kiko ndani.

Duara la nusu kipenyo cha mita 10 ni mita za mraba 314, kwa hiyo idadi ya miti huzidishwa kwa 32 kupata ya hekta. Hapo ndipo chaki inapoonekana faida yake: mti mmoja uliohesabiwa mara mbili ni miti 32 ya uongo. Alama ya chaki ielekee katikati ya ploti, ili aliyesimama pale auone ambao haujapimwa.

Unene hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, wanaita usawa wa kifua, lakini kifua cha mtoto wa miaka 14 hakifiki huko. Nawakatia fimbo ya urefu huo. Kwenye mteremko fimbo isimame upande wa juu. Tepu ipite chini ya mitambaazi, isilegee wala isipinde nyuma ya shina, ambako mpimaji haoni. Kosa hili ndilo la kila kikundi. Mzingo ugawanywe kwa 3.14: sentimita 63 ni kipenyo cha 20. Shina lililogawanyika chini ya mita 1.3 ni miti miwili.

Miti yenye kipenyo chini ya sentimita 5 hatuipimi, tunaihesabu tu ndani ya duara dogo la mita 2. Watoto huiona haina maana, hadi wapange matokeo kwa madaraja: 5 hadi 10, 10 hadi 20, kuendelea. Msitu unaojizalisha vizuri una miembamba mingi na minene michache. Pengo likitokea kati, waulizeni waeleze wenyewe; hawachelewi kutaja mkaa, na nguzo za nyumba. Machipukizi ya visiki pia wayaandike, maana miombo hurudi zaidi kwa visiki kuliko kwa mbegu.

Ukitaka ploti irudiwe mwakani, katikati pazikwe jiwe kubwa. Nondo huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Na kila shina lipigwe mstari mwembamba wa rangi pale tepu ilipopita. Mti wa miombo hunenepa milimita chache kwa mwaka. Tepu ikipanda kidogo tu, darasa lijalo litakuta mti umekonda.